Jua la Idjwi ni la nani?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wenzetu katika kikao cha wazi juu ya umeme, hapa Bukavu. Tunayaweka hapa kwa wale wenye hawakuweza kufika.



Tuanze na kitu chenye kila mutu hapa anajua. Jana usiku, nani alikuwa na umeme kwao? Inueni mikono. Munaona? Delestaji imekuwa kama jamaa wa nyumba. Inakuja bila kubisha hodi, inaondoka saa yenye inataka, na sisi tunapanga maisha juu yake. Tunapiga pasi saa nane za usiku. Tunaomba jirani atuchajie simu. Kiisha mwisho wa mwezi fakitire inafika, hata kama taa haikuwaka. Tunakasirika, na tuko na haki ya kukasirika.

Lakini leo hatukuja kuongea juu ya Bukavu. Tunaomba mugeuze macho upande wa ziwa.

Pale katikati kuko Idjwi. Wengi wetu tunakijua kisiwa hiki kwa nanasi zake, kwa kahawa yake, kwa sambaza zenye mama zetu wanauza. Watu zaidi ya 200,000 wanaishi pale. Ni territoire nzima ya Kivu ya Kusini, yenye shefri mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Hiki si kijiji cha wavuvi kumi.

Sasa angalieni maji yenye yanazunguka kisiwa hicho. Yanashuka mpaka hapa kwetu, yanaingia mto Ruzizi, na pale yanazungusha mashine za Ruzizi ya kwanza, zenye zinafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Chini kidogo yanazungusha Ruzizi ya pili, yenye ilifunguliwa mwaka 1989 na yenye inagawa umeme kwa Kongo, Rwanda na Burundi. Upande wa pili wa ziwa, Karongi, wenzetu wa Rwanda wanavuta gazi ya metani toka chini ya maji na kuitengeneza umeme, megawati 26. Ziwa moja linawasha taa za inchi tatu. Na mutu wa Idjwi, mwenye kukaa katikati ya ziwa hilo, usiku anaangalia mwangaza wa Rwanda upande mmoja na mwangaza wa Bukavu kusini, kiisha anaingia nyumbani kwake na torshi ya simu mukononi.

Hatusemi haya kwa kusoma tu. Wachache kati yetu tulivuka na boti, tukakaa siku chache kisiwani. Tuliona watoto wanarudilia masomo chini ya taa ndogo ya dola kumi. Tuliona mashine ya kusaga muhogo inanguruma na mazutu, na mazutu ile imevuka ziwa, kwa hiyo bei yake imevuka pia. Tuliona wavuvi wanatoka jioni na taa zao, ju sambaza inafuata mwangaza: bila taa hakuna samaki. Na kama samaki ni mingi, hakuna baridi ya kuiweka. Inabaki kuikausha juani ao kuiuza mbiombio kwa bei yenye munuzi anataka.

Kitu kimoja kilitukata roho. Tulifika kwa kituo kimoja cha afya, hatutataja jina. Juu ya paa kuko paneli za jua, nzuri, kubwa. Kwenye ukuta kuko kibao chenye jina la mufazili. Tukafurahi. Tukauliza muuguzi: umeme unatosha? Akacheka. Akatupeleka kwa chumba cha nyuma, akatuonyesha betri zenye zimevimba. Zilikuwa zimekufa zamani. Usiku ule ule alikuwa amezalisha mama mumoja, simu imefungwa kwa kichwa chake na kitambaa, ili mikono yote mbili ibaki huru.

Mama mukubwa mwenye alikuwa amekaa pale inje akatuambia: "Batoto yangu, balituletea jua, kisha jua ikakufa."

Tulirudi na neno hilo ndani ya boti. Hakuna mwenye aliongea sana njiani.

Ju tujiulize: jua linakufa namna gani? Paneli inaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Betri haiko vile. Zile betri za risasi na asidi zinaishi miaka michache tu, na ukizimaliza kabisa kila usiku zinakufa mbele ya wakati wake. Kila mutu mwenye aliuza paneli anajua hivyo. Kwa hiyo siku ile walifunga paneli pale juu, siku ya kufa kwa betri ilikuwa inajulikana tayari. Kitu chenye hakikujulikana ni nani atanunua betri ya pili. Mufazili alikuwa amemaliza mradi wake. Kituo hakikuwa na kitu ndani ya sanduku. Serikali haikuwa imeulizwa. Wananchi hawakuwa wameulizwa pia. Ile jua ilikuwa ya wote, njo kusema haikuwa ya mutu.

Wenzetu, hapa sisi pia tukubali kosa letu. Miaka mingi tumeandika kwenye mabango yetu: tunataka maji, tunataka umeme. Tulipigwa kwa ajili ya maneno hayo, na hatuyajuti. Lakini mbele ya paneli zile tuliona kwamba tuliomba nusu. Tuliomba umeme ufike. Hatukuuliza utakuwa wa nani siku yenye umefika.

Kuko visiwa vingine duniani vyenye viliuliza swali hilo mbele. Turuhusuni tuwapeleke mbali kidogo, kiisha tutarudi Idjwi.

Kuko kisiwa kinaitwa Samsø, kule Denmark. Watu karibu 4,000, wengi wakulima. Walikuwa wanategemea mafuta yenye yanaletwa na meli, na umeme wa makaa ya mawe wenye unapita ndani ya waya chini ya bahari. Mwaka 1997 serikali yao ilifanya mashindano: kisiwa gani kinaweza kuonyesha njia ya kutumia nguvu safi peke yake? Samsø ikashinda. Hakukuwa muujiza. Mutu mumoja wa pale, Søren Hermansen, mwenye alikuwa mwalimu, alizunguka na wenzake toka mukutano moja mpaka mwingine, wakisikiliza wakulima wenye hawakutaka hata kusikia habari ya mashine za upepo. Wale wakulima walibadilika wakati waliambiwa: mashine inaweza kuwa yako. Wengine walinunua mashine nzima kwa mukopo wa benki. Wengine walinunua hisa ndogo katika kooperative. Komini yao nayo ikanunua mashine kadhaa zenye zimesimama ndani ya bahari. Kufika mwaka 2003 walikuwa na mashine 11 inchi kavu na 10 baharini. Magari na boti zao ziliendelea kunywa mafuta, lakini kwa hesabu ya mwaka mzima, kisiwa kilianza kutoa nguvu safi kuliko ile kinatumia.

Mwenye anaona mashine inazunguka, anasema: hii inanilipa. Mashine yenye inakulipa, huwezi kuiacha ioze.

Kisiwa cha pili ni kidogo zaidi. Kinaitwa Eigg, kule Scotland. Watu karibu 100 tu. Zamani kisiwa chote kilikuwa mali ya bwana mumoja. Mwaka 1997 wananchi walichanga pesa, wakasaidiwa na watu wa inje, wakakinunua. Nyumba nyingi zilikuwa na grupu zao za mazutu, zinanguruma, zinakula pesa. Mwaka 2008 wakawasha mutandao wao wenyewe: maji ya mito midogo, upepo na jua, pamoja na betri, na grupu ya mazutu imebaki pembeni kwa siku mbaya.

Lakini tunawataja kwa sababu ya sheria yao moja. Walijua umeme wao uko na mwisho. Kwa hiyo walisema: kila nyumba haitapita kilowati 5 kwa wakati moja. Tajiri ao maskini, ni 5. Ukipita, umeme wa nyumba yako unakatika. Kilowati 5 ni kama pasi tatu ao ine zinawaka pamoja. Watu 100 walikaa, wakaongea, wakakubali mupaka, na kila mutu anauheshimu ju yeye mwenyewe aliuweka. Na wenye wanatunza mashine ni watu wa kisiwa, walifundishwa.

Sisi hapa tunajua mupaka pia. Delestaji ni mupaka. Tofauti ni kwamba yetu inawekwa na mutu mwenye hatumuoni, na kartie ya wakubwa haizimiki.

Kisiwa cha tatu tutakitaja haraka: El Hierro, ya Hispania. Tangu 2014 upepo unapandisha maji mpaka ndani ya shimo la volkano ya zamani. Upepo ukilala, maji yanashuka na kuzungusha mashine. Mwaka 2019 walikaa siku 24 mfululizo bila kuwasha mazutu kwa umeme wao. Kwa mwaka mzima bado wanahitaji mazutu, wanasema wazi. Na sehemu kubwa ya kampuni ile ni ya serikali ya kisiwa chenyewe.

Sasa tunasikia sauti zenu. Kuko mwenye anasema: "Ninyi! Denmark iko na benki, iko na serikali, iko na kimya. Sisi tuko na nini?" Ni swali la haki, hatulikimbii. Ni kweli, Samsø ilisaidiwa na sheria za inchi yao, na wako na waya wa kuuzia umeme wenye umebaki. Idjwi haiko na waya huo. Hatuwezi kuchukua mufano wao mzima mzima kama nguo ya kaniche. Lakini tuangalie tuko na nini.

Tuko na jua. Idjwi iko karibu na mustari wa ikweta, saa za jua ni karibu sawa mwaka wote. Samsø wakati wa baridi siku inakuwa fupi sana. Sisi hatujui shida hiyo. Milima ya Idjwi iko na vijito vyenye vinaweza kuzungusha mashine ndogo.

Tuko na madini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na kobalti inaingia ndani ya betri nyingi. Betri inatoka kwetu ikiwa udongo, inarudi kwetu ikiwa zawadi yenye kibao cha mufazili.

Tuko na sheria. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata umeme, pamoja na maji safi na makao mazuri. Imeandikwa. Mutu wa Idjwi akidai umeme haombi musaada, anadai deni. Na sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 ilimaliza ile hali ya SNEL peke yake. Ilifungua mulango kwa wengine kutoa umeme na kuuza, na ikapatia majimbo nafasi katika kazi hiyo. Mulango uko wazi. Lakini kwa mulango wazi anaweza kuingia mwananchi, na anaweza kuingia mufanyabiashara mwenye atauza umeme kwa bei ya dhahabu. Inategemea nani anasimama pale.

Na tuko na pesa. Musicheke. Tufanye hesabu pamoja, ni mufano tu. Tuseme nyumba moja inalipa franga 500 kuchaji simu, mara tatu kwa wiki. Ni franga 1,500. Kwa wiki 52 ni franga 78,000. Tuchukue nyumba 200 za kijiji kimoja: ni franga 15,600,000 kwa mwaka, zaidi ya dola 5,000. Na ni simu tu. Hatujahesabu petroli, mishumaa, mabetri ya torshi, mazutu ya mashine. Maskini tayari analipa umeme. Analipa kila siku, kidogo kidogo, na mwisho wa mwaka hana hata waya moja yenye ni yake. Pesa hiyo peke yake haitajenga mutandao, hatudanganyi mutu. Lakini inatosha kununua betri ya pili. Ile betri yenye ilikosekana kwa muuguzi wetu.

Kuko mwingine anasema: "Inchi iko katika vita, na ninyi muko mnaongea paneli?" Ndugu yetu, sisi hatujasahau. Tumezika watu. Lakini mama mwenye atazaa usiku wa leo pale Idjwi hawezi kumwambia mutoto asubiri amani. Na mutu mwenye amezoea kuendesha kitu chake pamoja na wenzake, kupiga hesabu mbele ya wote, kumuondoa mwenye ameiba, ni vigumu kumutawala kama kondoo. Hiyo pia ni kazi yetu.

Basi, toka leo, kila mara tutasikia mradi wa umeme wa jua ao wa maji unaenda Idjwi ao kisiwa kingine chochote cha ziwa letu, uwe wa serikali, wa ONG ao wa kampuni, tutauliza maswali matano. Muyaandike kwenye simu zenu.

La kwanza: mali hii ni ya nani? Kuko sehemu ya wananchi, yenye imeandikwa kwa karatasi na kutiwa saini?

La pili: bei inapangwa na nani, na mwananchi anaweza kuikataa wapi?

La tatu: betri ikikufa, nani analipa? Sanduku la matengenezo liko wapi, na kitabu chake kinasomwa mbele ya nani?

La ine: vijana gani wa kisiwa wanafundishwa kutengeneza? Tuko na wenzetu wenye diploma za elektrisite wanauza kredi ya simu barabarani. Wapewe vyombo, wapewe mushahara.

La tano: nani anabaki inje ya mustari? Pale Idjwi kuko ndugu zetu Bambuti, wengi hawana hata shamba. Kama waya inapita juu ya vichwa vyao na kwenda kwa nyumba ya mukubwa, sisi hatutapiga makofi siku ya kukata utepe.

Hayo ni maswali kwa wengine. Na sisi? Hatuwezi kudai hesabu ya watu na sisi hatufanyi kitu. Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu. Tutarudi kisiwani, na wale kati yetu wenye wanajua umeme wataandika, kituo kwa kituo, shule kwa shule, paneli ngapi ziko, ngapi zinafanya kazi, ngapi zimekufa na kwa sababu gani. Orodha hiyo tutaileta mbele ya gavana na wadepite wa jimbo, na tutaiweka hapa mbele yenu. Ya pili, tutakaa na vijana wa Rubenga na wa Ntambuka, na wamama, na wavuvi, tusome pamoja kifungu cha 48 na sheria ya 2014, kwa Kihavu na kwa Kiswahili, mpaka kila mutu aweze kuieleza bila sisi. Ya tatu, tutasaidia kijiji kimoja, kimoja tu kwa mwanzo, kufungua sanduku lake la betri, lenye funguo tatu mikononi mwa watu watatu, na kitabu chenye kinasomwa kila mwezi mbele ya wote.

Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Samsø pia walianza na mikutano ya watu wachache wenye wanabishana.

Ndugu na dada, leo jioni mukirudi nyumbani, wale wa karibu na ziwa, simameni kidogo muangalie upande wa kaskazini. Giza lile lenye mutaona ni watu. Ni muuguzi mwenye simu kwa kichwa. Ni mama mukubwa mwenye aliona jua likifa. Siku moja tutarudi kwake, na tunataka tumukute amekaa chini ya taa, anatuambia: ile betri ilikufa, tukanunua ingine.

 Mwenye anataka kuvuka na sisi, atoe jina lake hapa mbele ya kuondoka. Boti kila mutu anajilipia.